Mwalimu na Kete Zake za Watu

Siku hiyo tulikuwepo hawa. Mwalimu mwenyewe, kwenye benchi la upande wa ziwa. Fundi Odera, mshonaji wa sare za shule, kwenye benchi la upande wa kanisa. Yeye na Mwalimu hawakuwa na undugu wowote, walikuwa na ubishi tu. Mama Adhiambo wa samaki wa kukaanga, ambaye tulibatizwa naye siku moja, alikuwa malkia wa Mwalimu. Ochieng wa bodaboda, aliyemwoa Adhiambo, binti wa huyo mama, alikuwa farasi wa upande huohuo, kwa sababu nitakayoieleza. Mama Wanjiru wa viazi, aliyekuja Kisumu kutoka Nyeri akiwa msichana na siku hizi anaota kwa Kijaluo, alikuwa askofu wa Fundi. Na mzee wangu, mume wangu Baba Akinyi, fundi wa injini za mashua hapa Dunga, alikuwa ngome ya Mwalimu. Mimi nilikuwa chini kwenye leso, beseni langu la omena, dagaa wa ziwani, limefunikwa. Wengine walikuwa wengi na nawajua wote, lakini nikiwataja hii itakuwa rejista ya kanisa.

Nasema siku hiyo kana kwamba mnaijua. Ni Jumamosi ambayo mume wangu aliongea.

Kwa asiyejua, chesi ni mchezo wa ubao kama drafti, ila kila kete ina cheo chake na mwendo wake. Mwalimu aliuchukua huo ubao akaushusha chini, kwenye uwanja nyuma ya kanisa, akachora miraba sitini na minne kwa chokaa. Miraba myeupe iliachwa hivyohivyo. Ile myeusi tuliijaza majivu kutoka kwenye meko ya wanawake wa samaki. Kete walikuwa watu. Yeye na Fundi walikaa kwenye mabenchi yao wakiita: askofu, nenda pale, farasi, ruka. Na kete ikiingia kwenye mraba wa adui ili imle, hapo chesi inasimama na maigizo yanaanza. Watazamaji wanatupa jambo moja, lolote: harusi, nyoka, kodi ya nyumba. Wale wawili waliokutana wanalicheza papo hapo, hakuna aliyeandikiwa kitu. Na anayeliwa anajua tangu mwanzo kwamba ataondoka. Hilo halibadiliki.

"Kufa utakufa," Mwalimu alikuwa akisema. "Lakini utakufaje, hiyo ni juu yako."

Alikozaliwa na wazazi wake sitaingia huko, kwa sababu sikuwepo. Mimi nilimjua akiwa amekwisha kustaafu. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye viatu vya raba chini ya gauni la kanisani, na saa ya kiume mkononi iliyokwenda mbele dakika tano. Sauti yake ilikuwa ya chini, hata ilibidi watu wainame kumsikia, na nadhani alipenda tuiname. Kijaluo alikisema kama mtu anayehesabu mawe, moja, moja, lakini methali zetu alizijua kuliko sisi. Alikaa Milimani. Ukisikia Milimani unafikiria geti na gari, kumbe alikuwa na chumba kimoja na jiko nyuma ya nyumba kubwa ya daktari, mahali pa mfanyakazi. Hakuwahi kulisema wala kulificha.

Walianza yeye na Fundi kwa kete za kawaida kwenye baraza, kando ya cherehani. Mama Wanjiru ndiye aliyesikia siku Mwalimu alipousukuma ule ubao mdogo akasema amechoka na kete zisizo na midomo. Fundi akamjibu, "Ndio raha yake, Mwalimu. Zinakufa bila kelele." Hawa wawili hawakupatana mpaka mwisho. Fundi alitaka kushinda. Alikuwa akiwafokea watu wake, "Kufa haraka, bwana, tuendelee." Mwalimu alitaka kusikia. Na hapa niseme jambo ambalo watu wengi hawakuliona: alicheza vibaya makusudi. Mwanamke aliyewachapa watoto wa watu kwa kuangaliziana kwenye mtihani alikuwa akimwacha farasi wake wazi katikati ya uwanja, kwa sababu anajua huyo farasi leo ana jambo moyoni na anahitaji kuliwa. Fundi alishinda karibu kila Jumamosi, na kila Jumamosi alirudi nyumbani amekasirika.

Maneno ya kupanga aliyachukia. "Usiniletee maneno yaliyopikwa jana," alikuwa akisema. Akikuona unasogeza midomo peke yako kando ya ukuta, anakuhamisha kutoka farasi hadi askari, umsahau uliyetaka kumwambia. Lakini yeye mwenyewe hakuenda sokoni bila karatasi. Nyanya, kitunguu, chumvi. Vitu vitatu, ameviandika na kuvipigia mstari. Nilimuuliza, "Mwalimu, hata chumvi unaweza kuisahau?" Akasema, "Mimi naweza kusahau kila kitu, Mama Akinyi. Wewe ndiye huwezi."

Watu walipopungua tulisimamisha mabeseni ya samaki mahali pa askari, na hata hapo hakulegea. Mama Adhiambo alitumwa kula beseni. Akaliinua, akalitoa nje.

"Rudisha," Mwalimu akasema. "Hamjaongea."

"Mwalimu, hili ni beseni."

"Limesimama kwenye mraba. Lina haki yake."

Watazamaji wakatupa jambo: mume mlevi. Mama Adhiambo aligombana na lile beseni mpaka wachuuzi wakaacha bidhaa zao kuja kutazama, na alipolitoa alilibeba kwa mikono miwili, polepole, na hakuna aliyecheka tena. Kila mtu Dunga alimjua marehemu mume wake.

Sasa hiyo sababu ya Ochieng. Mwanzoni kabisa Mwalimu alipanga watu bila kuuliza. Akamweka Mama Adhiambo upande wake na Ochieng upande wa Fundi, na mchezo ukafika mahali farasi anatakiwa kumla malkia. Ochieng akasimama mguu mmoja juu, kama korongo. Kwetu mkwe na mama mkwe hawasogeleani. Hawashikani mkono ovyo, hawali sahani moja, sembuse kuingia mraba wake umwondoe mbele ya watu wanaotafuna njugu. Mama Adhiambo akajifunika uso kwa leso. Fundi akapiga kelele, "Mle, Ochieng, ni chesi." Ochieng akasema, "Fundi, mle wewe." Mwalimu hakuelewa chochote. Alikuwa akitazama huku na huku kwa ile sura ya mgeni aliyekanyaga kitu ndani ya nyumba ya watu.

Mimi ndiye niliyeinuka nikamweleza. Akamwambia Ochieng aweke kofia yake ya bodaboda kwenye mraba wa jirani, akae mbali, aongee na kofia. Na Mama Adhiambo akatoka mwenyewe, kwa heshima yake. Ilikuwa nzuri. Lakini tangu siku hiyo, kabla ya kila mchezo, Mwalimu alikuja kwenye leso yangu. "Mama Akinyi, nipangie. Nani hawezi kumkabili nani?" Nami nilimwambia: huyu ni mkwe wa yule, wale wawili hawasalimiani tangu ugomvi wa shamba la Ahero, huyu alipewa jina la babake yule kwa hiyo ni kama baba yake. Mimi niliacha shule darasa la tatu, na mwanamke aliyefundisha maelfu alichuchumaa mbele yangu akisikiliza. Sitasema haikunifurahisha.

Kwa hiyo mzee wangu kuwa ngome ya Mwalimu, ni mimi niliyempanga. Nilifikiri, ngome haina kazi nyingi. Inasimama pembeni. Itamfaa.

Lazima mjue mtu niliyekuwa naye. Mume wangu hakuwa mbaya. Hakunipiga, hakunywa, hakuoa mwingine. Alikuwa tu hasemi. Akirudi kutoka kwa injini zake ananawa mikono kwa majivu na sabuni, anakula, anasema "asante", analala. Nilikaa naye miaka arobaini na kitu, na nikiyakusanya aliyoniambia hayajai kibaba. Nilizoea. Mtu huzoea hata jiwe kwenye kiatu.

Siku hiyo Mwalimu akaiacha ngome wazi. Fundi akaona, akafurahi, akamtuma Mama Wanjiru. Watazamaji wakatupa jambo: mafuriko.

Mama Wanjiru akaanza vizuri, ana mdomo huyo. "Wewe mzee, ondoka hapo, maji yanakuja. Unangoja uogelee na suruali?"

Nikajua mzee wangu atasema "haya" na kutoka. Alikwisha kufanya hivyo mara mbili. Lakini aliinua macho, akatazama upande wetu wa watazamaji, akasema, "Siondoki. Kuna msichana juu ya meza."

"Msichana gani?"

"Huko Ahero. Maji yameingia mpaka dirishani. Nimekuja na baisikeli ya kuazima, nimeiacha barabarani, nimetembea majini mpaka kifuani, viatu juu ya kichwa. Na huyo msichana amesimama juu ya meza ya mama yake, anawaita kuku wapande. Anawaita kwa majina. Kila kuku ana jina."

Watu wakacheka. Mama Wanjiru akasema, "Sasa mzee, umekuja kwa kuku au kwa msichana?"

"Nilikuja kumtafuta binamu yangu. Nikamwona huyo. Nikasema moyoni, huyu akilijua jina langu, halitapotea."

"Ukamwambia?"

"Sikumwambia. Nilirudi. Baisikeli haikuwa yangu."

Akatoka kwenye mraba, akaenda kunywa maji.

Mimi ndiye yule msichana. Kuku walikuwa Atoti, Nyakisumo, Min Dala na yule jogoo Karani. Miaka yote hiyo nilijua kwamba mume wangu aliniona mara ya kwanza sokoni, mwaka uliofuata, siku aliyokuja na mjomba wake. Hivyo ndivyo nilivyoambiwa na hivyo ndivyo nilivyowaambia watoto. Kumbe hadithi yangu mwenyewe niliisikia nikiwa nimekaa chini na watu sabini, imegawiwa kama njugu, kila mtu na kikombe chake.

Jioni nikamwekea chakula.

"Baba Akinyi, yale ya meza."

"Yapi?"

"Ya maji. Ya kuku."

"Ule ni mchezo, Nyar Ahero. Niongezee mboga."

Nyar Ahero, binti wa Ahero, ndilo jina aliloniitia nyumbani. Nikamwongezea. Lakini nilichemka. Jumamosi iliyofuata nilimkabili Mwalimu kabla hajachuchumaa. "Umemfanya nini mume wangu?"

"Sikumfanya kitu," akasema. "Nilimsogeza tu."

Fikirieni jibu hilo. Mimi nimempikia, nimemzalia, nimemuuguza malaria zisizo na idadi, na huyu anamsogeza miraba miwili na mtu anafunguka kama debe. Jumamosi nne zaidi nilimsikia mume wangu. Alieleza siku Akinyi alipozaliwa, jinsi alivyofungua injini nzima akaifunga tena bila sababu, kusudi mikono iwe na kazi. Alieleza alivyoogopa nilipokwenda kumzika mama, kwamba nisingerudi. Kila mara nililia, na kila mara nilimwangalia Mwalimu kwenye benchi lake, ameinamisha kichwa, anasikiliza vitu vyangu.

Halafu benchi. Niseme yote. Mzee wangu alimtengenezea Mwalimu benchi jipya lenye mahali pa kuegemea, kwa mbao za mashua, akalipiga msasa mpaka likateleza. Kigoda changu cha kuuzia omena kilikuwa na mguu mbovu tangu Akinyi alipoolewa. Nilikuwa nakiegemeza kwa jiwe. Na Ijumaa mume wangu alikuwa anafua shati lake mwenyewe, na Jumamosi nikaona Mwalimu anamwondolea jivu begani, hivi, kwa kidole kimoja, na mzee wangu akacheka. Meno niliyaona.

Nikaacha kwenda. Nikasema ni goti. Mwalimu alimtuma Mama Wanjiru mara mbili: nani atampangia watu? Nikamwambia Mama Wanjiru, "Mwambie amesoma, ajipangie." Nilisikia mambo yaliharibika kidogo, mtu akawekwa mbele ya mkwe wake tena, na nilifurahi, Mungu anisamehe. Jumamosi nane nilikaa na omena yangu. Mzee alikwenda, akarudi, akanawa, akala, akasema asante. Sikumuuliza kitu. Niliona huyo ameyamaliza maneno huko, nyumbani analeta mfuko mtupu. Siku moja alirudi mapema, akakichukua kigoda changu bila kusema, akakitia mguu mpya. Unajua nilifikiri nini? Nilifikiri, Mwalimu ndiye aliyemwambia. Nilikaa juu ya kile kigoda kwa hasira.

Baada ya hapo kifua kikamshika mzee wangu, na hakikumwachia. Hospitalini hakusema mengi. Alinishika mkono tu, akataja jina langu lile la nyumbani. Mwalimu alikuja mazishini na viatu vyake vya raba, akakaa nyuma kabisa. Sikumsalimia. Nilimwona akiondoka kabla ya chakula.

Uwanja ulikufa pole pole. Majivu yalipeperushwa na upepo wa ziwa, Fundi akahama.

Msimu wa mvua uliopita Mama Wanjiru akaniambia Mwalimu haendi tena popote, miguu imevimba. Nilikaa na hilo neno wiki moja. Kisha nikafunga omena kidogo kwenye gazeti nikapanda Milimani. Omena alikuwa haili, anaogopa macho ya samaki, miaka yote amekaa kando ya ziwa. Tukimpa anashukuru kwa unyenyekevu mkubwa kisha anampa mtunza bustani wa daktari. Nilijua. Nilibeba hivyo hivyo.

Alikuwa nje ya mlango wake, kwenye lile benchi la mzee wangu. Mbele yake ubao mdogo, kete za kawaida, anacheza na nafsi yake.

"Mama Akinyi," akasema. "Goti limepona?"

"Limepona."

Akapokea omena, akashukuru kwa unyenyekevu. Nikauliza swali ambalo sikulipanga, lingekuwa limepikwa jana angelijua. "Mwalimu, wewe hukuwahi kusimama kwenye mraba hata siku moja. Kwa nini?"

"Nisimame nimwambie nani?"

"Watu walikuwa wengi."

"Hakuna anayeongea na watu wengi," akasema. "Kila mmoja pale alikuwa na mtu wake mmoja pale chini kwa watazamaji. Mama Adhiambo alikuwa akimtazama binti yake. Kazi yangu ilikuwa kuangalia macho yanaenda wapi, basi. Hukuona Baba Akinyi alikuwa anatazama wapi?"

Nilikuwa nimemtazama yeye Mwalimu wakati wote.

"Ulipoacha kuja," akasema, "alianguka kama gunia. Nilimwacha wazi, akaliwa, hakusema neno. Nikafikiri anaumwa. Jumamosi ya pili hivyo hivyo. Anaingia, anatazama pale leso yako inapokaa, anatoka. Ya tatu nikaelewa, nikaacha kumsogeza. Alisimama pembeni mpaka mwisho wa mchezo. Kila wiki alikuja, akasimama pembeni akitazama pale chini. Siku moja akaniomba ruhusa aondoke mapema, akasema kuna kigoda nyumbani."

Mvua ilikuwa inaanza. Sikusogea.

"Na hukuniambia."

"Sikukuambia."

"Ungemtuma Mama Wanjiru. Alikuja kwangu mara mbili."

"Nilimtuma kwa ajili ya kupanga watu. La mzee sikumpa." Alikuwa ameshika kete moja, anaizungusha. "Nilikuwa na wivu, Mama Akinyi. Nimefundisha watu kuongea maisha yangu yote. Wananisalimia mpaka leo barabarani. Lakini hakuna mtu aliyewahi kusimama mahali akanyamaza kwa sababu mimi sipo."

Nilitaka kumchukia. Nilikuwa na haki na nilikuwa na nafasi. Lakini kilichokuja ni hiki: alikuwa amemwona mume wangu Jumamosi nane ambazo mimi sikumwona, amesimama pale akiningoja, na hilo nitamwonea wivu mpaka nizikwe. Nilimsaidia kuingiza benchi ndani lisilowe. Aliuliza majina ya wale waliocheza siku ya mafuriko, nikamtajia wote thelathini na wawili, pamoja na mabeseni. Kwa kila jina alisogeza kete.

Alipofika kwenye ngome akangoja nilitaje. Nikalitaja.

Mwalimu naye sasa hayupo, na sisi tuliobaki tunapungua. Kwa hiyo ninyi wa Dunga mliokuwepo, kama nimemweka mtu upande usio wake, au nimemwita mtu mkwe na si mkwe, njoni mnirekebishe, mimi niko pale pale na omena, kwenye kigoda chenye mguu mpya. Lakini zile Jumamosi nane sikuwepo, hizo nimezipokea kwa mdomo wa Mwalimu peke yake. Kama alikosea, kama siku mojawapo mzee wangu alisimama kwenye mraba wake akasema neno, hata moja, hata "haya", usinihurumie. Njoo uniambie alisema nini, na alikuwa anatazama wapi.